Penseli za Pambizoni

Kisomavitabu kilimeza kitabu kizima kabla chai ya Injinia Kweka haijapoa. Kilikata mgongo wa kitabu, kikapitisha kila ukurasa kwenye mwanga, kikafuta madoa, kisha karatasi zikasagwa kuwa uji. Maneno yalikwenda moja kwa moja kwenye vichwa vya roboti zote za chuo.

Dkt. Sikujua Mbelwa, mwalimu wa sayansi ya mimea, hakuja kushangaa. Alikuja amefura.

"Injinia, mashine yako inaita nini doa?"

"Chochote kisichochapwa, Daktari," alijibu Kweka, aliyeiunda. "Wino, chai, penseli. Wanafunzi wana tabia ya kuchorachora vitabu."

Damu ilimpanda Sikujua kichwani. Kuchorachora! Katika chuo kile, kabla ya somo la kwanza la kemia fizikia, kila mwanafunzi alifungua jedwali la mivuke akasogeza nukta ya desimali kwa penseli, kwa kuwa mchapaji aliikosea zamani hizo na hakuna aliyejali kuchapa upya. Vitabu vya mimea navyo vilijaa masahihisho ya namna hiyo. Walimu waliyazoea mno hata hakuna aliyekumbuka kuyataja mashine ilipoletwa.

Juzi roboti ya kitalunyumba ilichanganya mvuke wa kuulia kuvu kama jedwali lilivyochapwa, mara kumi ya kipimo. Mzee Mgaya, aliyefundisha kemia hiyo maisha yake yote, aliingia kukagua miche bila wasiwasi wowote.

"Nimesikitika sana," alisema Kweka. "Lakini mashine ilisoma sawasawa. Kosa ni la kitabu."

"Kitabu tulishakisahihisha. Wewe umekifuta."

Kweka alikuna kidevu. "Basi tufanye hivi. Mzee Mgaya anayajua masahihisho yote. Akipata nafuu atusomee, tuyaingize."

"Mgaya hana koo la kusomea. Mvuke umeliunguza. Jana alinishika mkono, akafungua kinywa, ikatoka pumzi tu."

Nyuma ya Kweka mkono wa chuma wa mashine uliinua kitabu kingine kutoka lundo la vitabu vya mimea, pambizo zake zimejaa mwandiko mdogo wa kijivu. Sikujua alikipokonya, akakirudisha juu ya lundo, akalikalia.

"Daktari, hivyo ni mali ya chuo. Utanilazimisha niwaite walinzi."

"Waite," alisema, akikaza mtandio kiunoni. "Waje wengi."