Jirani Alibaki Mlangoni

Mvua iliwakuta watu wa soko kuu la Kindu wakati kila mmoja alikuwa ameshapanga biashara yake. Wauza majani ya sombe, wauza samaki wa kukauka, wauza chumvi na sabuni, wote walikimbilia chini ya mabati ya jengo la katikati, wakisukumana na kucheka. Salama alifika wa mwisho kwa sababu alikataa kuacha hata kikwembe kimoja, kitenge cha biashara yake, kilowe. Alivikumbatia vyote kifuani, vya nyota, vya maua, vya ndege wa manjano, mtandio wake mweupe umemshika shingoni kwa maji.

Nyuma yake akaingia mwanaume mrefu mwenye kofia ya kitambaa, na miguuni pake mbwa wa rangi ya udongo, kifua cheupe, mkia umejikunja. Mbwa akajikung'uta. Maji yakaruka hadi kwenye beseni la unga wa muhogo.

"Nani ameleta imbwa humu?" mama mwenye unga akauliza. "Hapa watu wananunua chakula."

"Sisi wengine tuko na udhu," mzee mmoja akasema.

Watu wakaanza kusema wote pamoja. Mkono wa Salama ulikuwa umeshika nguzo kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Yule mwanaume hakuwatazama waliopiga kelele. Alimtazama yeye.

"Samahani, mama," akasema. "Tunatoka."

Akatoka na mbwa wake, wakasimama uwanjani, mvua ikiwapiga mpaka ilipochoka yenyewe. Salama alimwona muda wote ule, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri likigeuka kuwa kitambaa cha kudekia. Alijisikia vibaya kuliko alivyotaka.

Kesho yake alimtafuta. Hakuwa na sababu ya kumtafuta, kwa hiyo alibeba simu yake. Mwanaume yule alikuwa anatengeneza simu chini ya mwavuli mkubwa pembeni ya soko, na mbwa alikuwa amelala chini ya meza, kidevu juu ya kiatu chake. Salama alisimama mbali kidogo akanyoosha mkono.

"Haishiki chaji," akasema.

Mwanaume aliifungua, akaipuliza, akaifunga. "Simu yako haina ugonjwa. Iko na vumbi tu."

"Basi nimekuja bure."

"Hapana. Umekuja kuangalia kama nilikauka."

Salama akacheka kabla hajajizuia. Ilikuwa siku nyingi hajacheka na mwanaume. Mume wake alikuwa amekwenda Goma kutafuta maisha, akayapata na mwanamke mwingine, na tangu hapo yeye alirudi kwa mama yake, mtaa wa Mikelenge, na kuuza vikwembe.

"Naitwa Rémy," akasema yule fundi. "Huyu ni Jirani."

"Juu ya nini Jirani?"

"Alikuja mwenyewe kwenye mulango wangu, akakaa. Majirani wengine walikuwa wananikimbia."

Salama alidhani ni mzaha.

Simu ile isiyo na ugonjwa ikaanza kufanya kazi kweli. Kila jioni ililia, na Rémy alimwita sheri, yaani mpenzi.

"Umekula, sheri?"

"Nimekula wali. Na wewe?"

"Nimekula sauti yako."

"Utakufa na njaa basi."

"Sema ingine kidogo, nishibe."

Mama yake, Mama Halima, alikuwa akimsikia binti yake wa miaka thelathini na nne akicheka gizani kama msichana, naye siku moja alimwambia: "Kama iko muntu, alete miguu yake hapa tumwone."

Tatizo halikuwa dini ya Rémy, lilikuwa mbwa. Rémy hakuenda popote bila Jirani, na Jirani hakuruhusiwa popote. Siku walipokwenda kula pamoja mara ya kwanza, Salama alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri mabegani, akajipaka mafuta ya karafuu. Mwenye mgahawa aliwasimamisha mlangoni. "Wewe karibu, papa. Mwenzako wa miguu mine, hapana." Rémy akamwambia Salama aingie, naye akakaa kwenye kizingiti. Walikula hivyo, yeye mezani, Rémy nje na sahani mapajani, wakiongea kupitia mlango wazi huku wateja wakimruka Rémy na mbwa wake.

"Muntu mukubwa," Salama akasema wakati wa kurudi, akitembea upande wa pili wa Rémy ili mbwa asimguse, "hawezi kuacha imbwa nyumbani saa moja?"

"Amenizoea."

"Na mimi je, hujanizoea?"

Rémy akasema, "Niambie kwanza juu ya nini unaogopa hivi. Wewe hauogopi kuumwa. Ni kitu kingine."

Salama akamwambia. Alikuwa hajamwambia mtu, hata mume wake.

Mwaka wa elfu mbili na mbili mji wa Kindu ulifungwa. Askari walikuwa ndani, wapiganaji walikuwa msituni, na mashamba yote yalikuwa katikati. Aliyekwenda shambani, wa ndani walisema amewapelekea habari wa nje, na wa nje walisema ametumwa na wa ndani. Watu walikula majani. Baba yake, Abdallah, alivumilia mpaka mtoto wake wa mwisho alipoanza kuvimba miguu. Asubuhi moja akavaa kanzu yake ya rangi ya kahawia, ile aliyosema haionekani msituni, akachukua kikapu, akafuata njia ya mashamba kutafuta muhogo. Hakurudi, na hakuna aliyeweza kwenda kumtafuta.

Mbwa wa mji ndio walikuwa wakitoka na kuingia bila kuulizwa. Nao walikuwa wamenenepa. Kila mtu aliona, hakuna aliyesema. Salama alikuwa na miaka kumi na miwili siku alipomwona mbwa wa mtaa wao akipita katikati ya soko, mchana, mbele ya watu, amebeba kitu mdomoni. Kitu hicho kilikuwa na kipande cha kitambaa cha kahawia, na mshono wa kiwiko ulikuwa ule ambao mama yake alikuwa ameushona kwa uzi mweupe kwa kukosa uzi mwingine.

"Tulizika kile kipande," Salama akasema. "Watu wa msikiti walikuja, wakakisalia. Kaburi la baba yangu ni dogo kama la kitoto kichanga."

Rémy hakumshika mkono. Alimwita mbwa upande wake mwingine, mbali zaidi, wakaendelea kutembea. Kama angesema lake siku ile, mambo yangekuwa mengine. Lakini aliona aibu kuweka donda lake juu ya donda lile.

Mfungo ulipoisha, Mama Halima akataja siku ya kumpokea mgeni. Salama akapiga simu.

"Uje Jumapili. Watakuwepo wajomba. Na uje peke yako, sheri. Unajua nyumba yetu ni ya namna gani."

"Jirani hawezi kukaa hata nje ya ua wa lupango? Barabarani tu?"

"Mama akimwona ataona lile la siku zile. Nimekuambia yote. Bado unaniuliza hivyo?"

"Salama, si kwa ubaya."

"Basi sema ni kwa nini."

Rémy angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni, neno fupi tu, kifafa. Lakini wanawake wawili kabla ya Salama walikuwa wameambiwa neno hilo, na wote wawili walikuwa wameanza kusahau njia ya kwake.

"Ni mazoea tu," akasema.

"Basi oa mazoea yako," Salama akajibu, akakata.

Wiki nzima simu haikulia. Salama alipita mbali na mwavuli ule, akauza vikwembe bila kuvikunjua, akamjibu mama yake kwa kichwa. Usiku alijiambia kwamba mwanaume anayeshindwa kuchagua kati ya mke na mbwa ameshachagua. Jumamosi mchana simu ikalia.

"Nitakuja," Rémy akasema. "Peke yangu. Jirani atabaki kwa Florentin, yule mushonaji."

"Kweli?"

"Umeniponza, wewe."

"Nitakupikia mpaka unisamehe," Salama akasema, na furaha ilimpanda hata akaona haya mbele ya ukuta.

Rémy alifika na suti ya kijivu ya kuazima, mikono mifupi kidogo, viatu vinang'aa. Mjomba mkubwa akampenda kwa jinsi alivyosalimia. Mama Halima alikuwa anakaanga samaki uani, sufuria ya mafuta juu ya mbabula ya makaa, na Rémy, ili aonekane mtu wa nyumbani, akaenda kumsalimia palepale kwenye moto. Alianza kusema, "Mama, mimi nimekuja," kisha akarudia "nimekuja", kisha akarudia tena, macho yakaacha kumwona aliyekuwa mbele yake. Akaanguka mbele, mkono na ubavu juu ya makaa, na sufuria ikamfuata.

Kilichofuata ndicho Salama alichoshindwa kusamehe, kwa wengine na kwake mwenyewe. Watu walirudi nyuma. Mjomba alisema, "Msiguse lile povu la mdomoni, linaambukiza." Kulikuwa na wanaume wanne uani, na Rémy alikuwa akitetemeka juu ya moto. Salama ndiye aliyemvuta kwa miguu, peke yake, akiita majina yao mmoja mmoja.

Hospitalini, dada yake Rémy, Pélagie, alifika na pikipiki kutoka Kailo, vumbi kichwani. Hakupiga kelele. Alikaa karibu na Salama kwenye benchi.

"Mwaka wa vita bomu liliangusha boriti ya nyumba, ikampiga kichwani. Tangu hapo anaanguka. Ile imbwa inajua mbele, kabla hajaanguka. Hatujui inajuaje. Inaanza kumuvuta suruali, kulamba mikono, naye anatafuta mahali pa kukaa chini. Hakukuambia?"

"Hapana."

"Aliogopa utakimbia."

Salama akainama mpaka paji la uso likagusa magoti.

Rémy alipofungua macho, alimwomba Salama maji, kisha akaomba aletewe Jirani. Hakuomba kwa kuwa ana haja naye. Pale kitandani hapakuwa na mahali pa kuanguka. Aliomba tu kama mtu anavyoomba watu wake. Salama akaenda kwa Florentin. Mbwa alikuwa amefungwa kwenye mguu wa cherehani, ametafuna kamba nusu. Salama akapiga magoti, akafungua fundo, akakamata kamba, akavuka mji naye mchana kweupe huku watu wa soko wakimtazama.

Mlinzi wa geti alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, anaitwa Fadhili.

"Mama, na imbwa hapana."

"Muntu wake ameungua, yuko mule ndani. Anamwita. Dakika kidogo tu, nitamushika."

"Mule iko wamama wamezaa. Iko watu wa vidonda. Yule mugonjwa wako mwenyewe ni kidonda kitupu. Imbwa kwenye vidonda?"

"Ni safi. Ninakuomba, papa. Nitapiga magoti."

Fadhili akamtazama mbwa, kisha yeye. "Wewe ulikuwa hapa Kindu mwaka ule?"

"Nilikuwa."

"Basi juu ya nini unaniuliza?"

Salama alikuwa amelibeba jibu la mlinzi huyu tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na hakuweza kusema kwamba mtu huyu anakosea. Akamwachia Florentin, aliyekuwa amewafuata, kamba nje ya geti, akaingia peke yake.

"Wamemukataza?" Rémy akauliza. Sauti ilikuwa imebaki ndogo.

"Yuko getini. Anakungojea."

"Wewe ulimushika?"

"Nimemushika."

Rémy akajaribu kutabasamu, upande mmoja wa uso ukakataa. "Basi naweza kukuoa."

"Ulinificha, sheri. Juu ya nini ulinificha?"

"Ningesema, ungecheka na mimi kwenye simu?"

Salama alitaka kusema ndiyo upesi, na kwa kuwa alitaka kuisema upesi akaogopa kwamba ni uongo. "Sijui," akasema. "Lakini sasa nimekubali. Ukitoka tunaoana. Umesikia?"

"Nimesikia," Rémy akasema, akafumba macho.

Homa ilimpanda Jumanne. Alhamisi, saa ya kuuza mikate, akafa.

Walimzika Wakristo wenzake. Kanisani mbwa alifukuzwa mlangoni, makaburini alipigwa jiwe, akarudi, akapigwa lingine. Salama alimchukua. Mama yake alisema, bila ukali, kwamba katika nyumba ya Abdallah mbwa hataingia maadamu yeye anapumua, na Salama hakubishana. Alimfunga kwenye kiwanja chenye nyumba isiyoezekwa, jirani na kwao, akampelekea chakula asubuhi na jioni. Wenye meza sokoni walishakubaliana kwamba mbwa haji tena. Salama akajiambia atazoea. Rémy alimzoea, na yeye atazoea.

Jioni moja alimkuta amepata mfupa mahali. Ulikuwa mfupa wa mbuzi, kila mtu angeona hivyo. Jirani alimjia mkia unatikisika, ameubeba mdomoni, akauweka mbele ya miguu yake. Salama alisikia mtu analia kwa sauti ya mtoto, akakuta ni yeye. Akamwaga chakula, akakimbia.

Asubuhi akampigia Pélagie. "Nimeshindwa, yaya, dada yangu. Njoo umuchukue. Nisamehe."

"Si kosa lako," Pélagie akasema.

Pélagie alimfunga mbwa ndani ya kikapu kikubwa nyuma ya pikipiki. Salama ndiye aliyemshikilia mpaka kifuniko kilipofungwa, na Jirani alimlamba mikono yote miwili bila kuacha, kana kwamba ameona kitu kinakuja. Pikipiki ikashuka kuelekea mtoni.

Alipofika nyumbani, Mama Halima alikuwa ameshaweka ndoo ya maji na udongo safi kwenye bakuli, kama dini inavyotaka kwa aliyeguswa na ulimi wa mbwa.

"Imeenda?"

"Imeenda."

"Leta mikono, mwanangu."

Salama akaitoa. Mama akachota maji, akainua kikombe. Salama akairudisha mikono haraka, akaificha kifuani.

"Acha, mama. Leo acha."

Mama Halima akakiweka kikombe chini. Wali ukaja, ukapoa. Salama alikaa ukutani, mikono wazi mapajani, haigusi kitu.