Mswada wa Mabasi

Khole aliamka mapema kama kawaida, akasali, kisha akamsaidia bibi yake kumimina chai. Nyumba yao ilikuwa mji wa Sib, nyuma ya soko. Ulikuwa mwezi wa Mei, na jua lilianza kuchoma hata kabla hawajamaliza kula. Baba yake alikunywa chai wima wima, maana akichelewa kidogo tu angekwama kwenye foleni ya magari ya kwenda maofisini Al Khuwair.

"Leo ndiyo siku ya baraza lenu?" aliuliza Bibi Sayyida.

"Ndiyo, bibi. Leo tunapiga kura."

"Na yule mtoto, hajambo kidogo? Nna wasiwasi naye."

"Bado yuko hospitali. Dada yake anasema hajaweza kusema."

Bibi alitikisa kichwa.

Mtoto mwenyewe alikuwa Taimur, wa darasa la kwanza katika skuli yao. Wiki iliyopita alisinzia kwenye kiti cha nyuma cha basi la skuli. Wenzake walishuka, dereva akafunga milango akaenda zake, na basi likabaki juani. Walipokuja kumtafuta, walimkuta amezimia, midomo imekauka, mwili unawaka moto. Dereva alifukuzwa kazi, lakini mabasi yaliendelea kufungwa vile vile, bila mtu kuangalia ndani.

Baraza la wanafunzi lilikutana maktaba. Kila darasa la juu lilikuwa na wawakilishi wake, na mapendekezo yao waliyaita miswada, kama wafanyavyo wakubwa. Kila mswada uliopitishwa ulipelekwa kwa mkuu wa skuli, naye alikuwa ameahidi kuutekeleza. Mwalimu Shariffa ndiye aliyekuwa spika.

Khole aliwakilisha wasichana wa darasa la saba. Walimtuma jambo moja tu: uwanja wa mpira wa wavu. Wavulana walikuwa na uwanja wao, wasichana hawakuwa na chochote. Ndiyo maana siku mbili kabla ya kikao, Aflah wa darasa la tisa alipomfuata na shauri lake, alimsikiliza.

"Mimi na wenzangu tutaupigia kura uwanja wenu," Aflah alimwambia. "Na wewe uukatae mswada wa mabasi. Sisi hatutaki kubaki kwenye mabasi kukagua viti huku wenzetu wanacheza."

Khole alikubali. Alijiambia kuwa kura yake moja haitabadilisha kitu.

Mswada wa mabasi uliletwa na Balqis, dada yake Taimur. Alitaka wanafunzi wakubwa wawili wabaki katika kila basi, wapite kiti baada ya kiti, kabla milango haijafungwa.

"Hiyo ni kazi ya dereva," alisema Aflah. "Wazazi wetu wanalipa nauli. Sisi tumekuja kusoma."

Baadhi ya wajumbe walipiga meza kumuunga mkono.

Balqis alisimama kujibu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yangu anamwita, haitiki. Anamtazama kama mtu asiyemjua. Nilikuwa basi lile lile, nikashuka na marafiki zangu nikidhani yuko nyuma yangu. Sitaki mtu mwingine ashuke akidhani."

Khole aliinamisha macho.

"Wanaoukubali?" aliuliza Mwalimu Shariffa. Mikono saba ikanyanyuka.

"Wanaoukataa?"

Aflah aligeuka akamtazama Khole. Khole akaunyanyua mkono wake. Ilikuwa mikono minane. Mswada ulianguka kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa yake.

Ukafuata mswada wa uwanja, ukapita bila shida. Wenzake walimpiga piga mgongoni kwa furaha. Khole alijaribu kutabasamu, lakini alimwona Balqis akijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Kama hakuna jingine, nafunga kikao," alisema Mwalimu Shariffa.

"Mwalimu!" Khole alikuwa amekwisha simama. "Kanuni zinasema aliyekuwa upande ulioshinda anaweza kuomba kura irudiwe kabla ya kikao kufungwa. Naomba tuurudie mswada wa mabasi."

"Na mimi nitaomba tuurudie uwanja," Aflah alisema papo hapo. "Umesikia, Khole?"

"Nimesikia."

"Khole, kaa chini!" alinong'ona Kheiria, rafiki yake na mjumbe mwenzake. "Tutawaambia nini wenzetu?"

Hakukaa. Kura zikarudiwa. Mswada wa mabasi ulipita kwa kura nane dhidi ya saba. Kisha Aflah na kundi lake wakauangusha uwanja. Kheiria aliondoka bila kumuaga.

Mlangoni Khole alimsubiri Balqis. "Nisamehe," alimwambia. "Nilikuwa nimeahidiana na Aflah."

"Nilijua, pale Aflah alipokugeukia. Nimekusikia ukiomba kura irudiwe, lakini bado sijaweza kukusamehe," alisema Balqis, akaenda zake.

Mkuu wa skuli alitimiza ahadi. Wiki iliyofuata ukaguzi ulianza, na Khole alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujitolea. Hakutokea mtoto mwingine aliyesahauliwa. Taimur alirudi nyumbani baada ya muda mrefu, akitembea kwa kushikwa mkono, na maneno yake yakiwa machache. Wasichana wa darasa la saba walimnunia Khole hadi skuli ilipofungwa kwa likizo.

Siku ya kufunga skuli alimkuta Mwalimu Shariffa maktaba, akamweleza mapatano yake yote na Aflah. "Nimewapotezea wenzangu uwanja, mwalimu," alimalizia.

"Ndiyo, umewapotezea," alijibu Mwalimu Shariffa. "Sitakudanganya. Lakini sikiliza, mwanangu. Kuomba uwanja si kosa, na mwakani mtauomba tena. Kosa ni kuchukua usalama wa mtoto ukaubadilisha na mchezo. Ukiitwa kupiga kura, jiulize jambo lenyewe ni la haki au si la haki, kisha nyanyua mkono wako. Safari hii uliwahi kujirekebisha kabla kikao hakijafungwa. Usitegemee kwamba utawahi kila mara."