Mbao za Bibi Bernadeta

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi mtaa mzima, na bado sabufa ya Kasiani iligonga. Ko, ko, ko, kama mtu anayepiga msumari chumba cha pili. Kasiani aliweka kikombe cha uji chini, akachungulia nyuma ya boksi. Waya ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote. Akajiambia ni mbao zinatanuka kwa joto la Morogoro. Uongo huo haukumtosha hata yeye aliyeutunga, maana mbao zile alizijua. Zilikaushwa kwa moshi miaka na miaka, hazikuwa na cha kutanuka.

Wanaume wenzake wakitoka kiwandani walikwenda kunywa. Yeye alirudi nyumbani kufungua skrubu. Amplifaya aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya televisheni mbovu, akabadilisha hiki, akaongeza kile, na kila alipodhani amemaliza, besi ilikoroma. Kosa lilikuwa boksi. Mbao za dukani, za unga wa mbao uliogandishwa, zilitetemeka na kuharibu sauti. Alihitaji mninga mkavu kabisa, na mninga wa namna hiyo alijua ulipo.

Ulikuwa Matombo, kwenye uchaga juu ya jiko la bibi yake, Bernadeta. Marehemu mumewe aliukata mti huo msituni, akampasulia mbao za jeneza lake ili siku ya siku asisumbue watu. Bibi alizitunza juu ya moto zikila moshi, na kila mgeni alionyeshwa. "Nyumba yangu ile pale," alisema, akicheka.

Alipougua, Kasiani ndiye aliyepanda mlimani kumwuguza. Akazishusha mbao bibi akiwa amelala, au alidhani amelala, akazituma mjini na gari la ndizi. Bibi alipofariki, uchaga ulikuwa mtupu. Ukoo ulikusanyika kumlaani mwizi, na Kasiani alilaani kwa sauti kubwa kuliko wote. Bibi Bernadeta akazikwa ndani ya mbao mbichi za paina, zikivuja utomvu.

Sasa boksi la mninga lilisimama refu kama mtu, na besi ilikuwa tamu. Aibu ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini mwiba wa samaki haumzuii mtu kusikiliza muziki.

"Baba Glory," mkewe Prisca alimwuliza mchana mmoja, "nani anawasha kuni humu ndani?"

"Tunapikia gesi, mama. Kuni zitoke wapi?"

"Nasikia moshi. Moshi wa jiko la shamba."

Kasiani naye aliusikia.

Prisca akaanza kukonda. Hospitali hawakuona ugonjwa. Kila baada ya chakula cha mchana alijilaza kwenye mkeka mbele ya sabufa, akidai hapo ndipo penye joto. Siku moja Kasiani alimkuta amenyooka, mikono kifuani, macho wazi, akanong'ona bila kugeuza kichwa: "Usipite hapo. Kuna mtu ananipima." Na Kasiani, ambaye hakuona mtu, aliona nguo ya mkewe ikibonyea kidogo penye bega, kisha kiunoni, kisha gotini, polepole, kama shubiri ya mkono usioonekana inayotembea kutoka kichwani kwenda miguuni, na harufu ya moshi ikazidi mpaka macho yakamtoka machozi, na ndani ya boksi lisilo na umeme kukagonga, ko, ko, ko.

Akamwita Bi Pili, mganga wa mtaa wa pili. Yule mama hakumgusa mgonjwa. Alitega sikio kwenye boksi, kisha akasogea kukaa mbali nalo.

"Mbao hizi za nani?"

Kasiani akatazama mlango. Akasema kwa sauti ndogo, "Za bibi yangu. Za jeneza lake. Nilizichukua mimi."

"Mti ule ulikuwa na mwenyewe," alisema Bi Pili. "Jini alikubali ukatwe kwa sababu aliahidiwa mtu wa kulala ndani ya mbao zake. Mtu huyo mmemzika kwa mbao nyingine. Sasa anatafuta wa kujaza nafasi."

"Nifanye nini, mama?"

"Vunja boksi. Mbao zirudi kwa bibi yako, zifukiwe kaburini. Na umtamkie mkubwa wa ukoo wa mama yako nani alizitoa. Si mimi, yeye. Ukificha neno hilo, jini atarudi, na safari hiyo hatutakuwa na cha kumjibu."

Kasiani alipopanda Matombo na mbao za boksi, mjomba Ernest, mkubwa wa ukoo, alikuwa akianika pilipili manga uani pamoja na wazee wawili wa ukoo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umebeba nini?"

Neno lilikuwa mdomoni. Kasiani akawaona wale wazee, akakumbuka laana, akakumbuka sauti yake mwenyewe ndani ya laana ile.

"Nilinunua spika sokoni," alisema. "Nilipozifungua nikatambua mbao za bibi. Nimezirudisha, zifukiwe kaburini kwake."

Mjomba alimshika mikono yote miwili, akalia. "Kumbe ukoo bado una mtu."

Kasiani aliteremka mlima akijisemea kuwa mbao si zimerudi, mengine ni maneno tu. Na kweli, nyumbani moshi ulikuwa umetoweka. Prisca alikula ugali, akaomba na mboga nyingine, akacheka. Juma lililofuata alijilaza baada ya chakula, amenyooka, mikono kifuani, na hakuamka.

Mjomba Ernest alifika msibani na gari la ndizi. Juu ya mikungu zililala mbao.

"Hatukuzifukia," alisema kwa upole. "Mbao nzuri hivi zioze bure? Tukasema mwenye haki nazo ni wewe uliyezirudisha. Tundu la spika nimeliziba mwenyewe."

"Mjomba, mbao hizi..."

"Usinishukuru, mwanangu."

Wazee walikuwa wanamtazama. Uani, fundi wa jeneza alizipanga mbao, akatikisa kichwa. "Ajabu," alisema. "Sina hata cha kukata. Kama zilipimwa kwa marehemu."

Neno lilikuwa mdomoni tena. Fundi akainua nyundo.

Ko, ko, ko.

Kasiani aliinamisha kichwa, akanyamaza.