Shoka la Babu na Ndoo ya Bluu

Utakachosoma hapa hutakiamini, na wala sikulaumu! Hata aliyekuwepo alilazimika kutia vidole tunduni ndipo akaamini.

Kila asubuhi kabla ya shule, Bibi alipasua kuni nyuma ya nyumba. Mjukuu wake wa miaka kumi na mbili, waliyemwita Sikio maana hapitwi na neno, alizipanga. Mdogo wake, Kibonge, alikaa juu ya ndoo ya bluu iliyopinduliwa, miguu inaning'inia, akihesabu mapigo kwa sauti. Saba aliiruka kila siku.

Shoka lilikuwa la marehemu Babu. Lilinolewa miaka na miaka mpaka chuma kikabaki nusu. Mpini ulizungushiwa mpira wa baiskeli, na kila jioni Sikio alilichovya kwenye maji ili mti uvimbe, ukibane chuma. Asubuhi linakaza kabisa! Ila siku hizi, pigo la kumi tu, linacheza.

Asubuhi hiyo Sikio alisikia kitu. Shoka halikulia "ko!" kama kawaida. Lililia "kwecha!" kama sahani yenye ufa. Bibi alipoliegemeza ili afunge vizuri kitambaa chake cha kichwa, Sikio akalichungulia. Pale mpini unapoingia, chuma kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Bibi, chuma kimepasuka. Hata maji hayatasaidia."

"Haya, fundi wangu ameanza!" Bibi alicheka. "Shoka hili lina umri mkubwa kuliko mama yako. Lete gogo."

"Bibi yangu, angalia tu hapa..."

"Masikio hayo! Iko siku utasikia siafu wakipiga chafya. Lete gogo, mtachelewa shule!"

Kubishana na Bibi? Sikio hajawahi hata siku moja! Lakini gogo hakulileta. Alimkumbatia Kibonge akambeba mzimamzima mpaka ndani ya mlango.

"Niache! Ndoo yangu!" Kibonge alirusha mateke.

"Na wewe Bibi usipige. Nakuomba."

Bibi akasonya, akavuta gogo mwenyewe. Pigo la kwanza. La pili. La tatu, kwecha! Mpini ukabaki mkononi peke yake.

Hakuna aliyeona chuma kikiruka. Walichoona ni ndoo imelala ubavu, ina tundu la kupitisha kichwa cha paka, na chuma kimo ndani kimetulia, kama kimeingia kulala. Kibonge alisahau kurusha mateke.

Bibi alisogea taratibu, akapitisha vidole kwenye tundu. "Miguu yake huwa hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Hapa hapa."

Kisha akamvuta Sikio kifuani. "Mjukuu wangu, mpini ukilegea tunaweka mwingine. Chuma kikipata ufa, hakibembelezwi kwa maji, kinapumzishwa. Mimi nililionea huruma shoka, nikasahau kuwaonea huruma ninyi."

Jioni Bibi alirudi kutoka dukani na shoka jipya. Mpaka leo hapigi pigo la kwanza kabla Sikio hajaligonga shoka kwenye jiwe, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Kibonge? Sasa anahesabia mlangoni, na saba bado anairuka!

Sasa niambie wewe: Bibi yako angekuambia ulete gogo, na wewe umeuona ule ufa, ungefanya nini?