Sikio la Kona ya Tisa

Gari la wagonjwa namba saba liliupanda Mlima Kitonga kama vile linashuka. Nyuma lilibeba mama mjamzito, muuguzi na mitungi miwili ya hewa. Mbele palikuwa na kiti kitupu na usukani uliojizungusha wenyewe. Injini yake ilikuwa ndogo, ya silinda nne, ambayo zamani ingefika nusu ya mlima ikitoa mvuke puani. Sasa ilitoa nguvu maradufu, na kwa miaka miwili hakuna gari hata moja kati ya magari arobaini ya kampuni lililokuwa limeharibikia njiani.

Siri ilikuwa kwenye boksi dogo kama kopo la kahawa, lililofungwa juu ya injini. Waliliita Sikio. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma upepo kurudi ndani. Upepo ukiongezeka, nguvu inaongezeka. Ukipita kiasi, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, pistoni inatoboka. Sikio lilikuwa na akili ya kusikia kugonga kabla hakujaanza. Lilipunguza upepo, likaongeza, likapunguza tena, mara mia kwa sekunde.

Mwaka huo, 2091, betri nzuri zote zilikwenda kwenye miji yenye sauti serikalini. Milima ikaachiwa turbo na spiriti ya miwa. Ndiyo maana Iringa ilijivunia Sikio, na bango kubwa mjini lilisema: HALIKUFUNDISHWA NA MTU. Mhandisi Atukuzwe Nyenza, aliyelitengeneza, alikuwa amejitafutia njia ya kwenda kazini isiyopita mbele ya bango lile.

Basi, gari lilipofika kona ya tisa, likafanya kioja chake cha siku zote. Nguvu ikakatika. Likatambaa kama kinyonga kwa sekunde tisini, mama wa watu akiugulia nyuma, kisha likashika kasi tena.

"Mhandisi," alisema Tluway, mkurugenzi wa kampuni, akitazama picha za safari hiyo ofisini, "mashine yako inaogopa jini gani pale?"

"Bado tunachunguza."

"Mmechunguza miezi minane. Vipimo vyote viko sawa, joto sawa, oili sawa. Ijumaa nataka sababu. Ukikosa, tunaikata hiyo tabia. Sekunde tisini ni uhai wa mtu, Atu."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomnyima Atukuzwe usingizi. Kama tabia ile haikuwa na maana, ilikuwa inachelewesha wagonjwa bure. Kama ilikuwa na maana, wakiikata gari lingekuja kufia mlimani na mtu ndani. Na aliyejua jibu alikuwa mmoja tu, tena Atukuzwe alikuwa hajamtia machoni miaka kumi na mmoja.

Na hapa tusimung'unye maneno. Sikio lilifundishwa. Lilifundishwa na Fundi Chesco Mhongole wa gereji za Ipogolo, mzee aliyeegemeza bisibisi kwenye injini, mpini ukagusa sikio lake, akakwambia silinda ipi inaumwa. Atukuzwe alikuwa mwanafunzi wake; alikula ugali wa nyumba yake miaka mitatu. Kisha akaajiriwa na kampuni, akarudi gereji na kofia ya nyaya. Ilikuwa kinasa-fikra, cha kunasa kila wazo lililopita kichwani mwa mzee alipokuwa akisikiliza. Kampuni ilimwonya: mafundi wakijua, watadai fungu lao. Kwa hiyo alimwambia mzee kofia ni ya kupima masikio.

Mzee aliivaa miaka miwili. Sikio lilipozaliwa, gereji za Ipogolo zikafungwa moja baada ya nyingine. Mafundi arobaini na mmoja wakaja getini kwa kampuni kudai japo majina yao yaandikwe. Geti likafungwa. Atukuzwe aliwatazama kutoka ghorofani, nyuma ya pazia.

Alhamisi asubuhi alipiga hodi Ipogolo. Mke wa mzee, Mama Fausta, alimpima kwa macho kuanzia viatu.

"Leo ofisi imepotea njia?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Iweke hapo chini shikamoo yako."

Mzee alikuwa barazani, ameinamia cherehani, akilizungusha gurudumu lake na kulipapasa. Alipoinua kichwa, uso ukamchanua.

"Atu!" alipiga kelele, kama wapigavyo wasiojisikia wenyewe. "Mama Fausta, si nilikwambia? Mtoto huyu hawezi kunisahau. Eti, majibu ya masikio yangu yametoka?"

Atukuzwe alimgeukia Mama Fausta.

"Miaka yote anakusubiri wewe," alisema Mama Fausta kwa sauti ya chini. "Nilimwambia twende hospitali. Akasema vipimo vyake viko kwa Atu, tusimvuruge mtoto. Sikio la kushoto likaenda. La kulia likafuata."

"Baba," alisema Atukuzwe, "kofia ile haikuwa ya kupima."

"Eh? Sema kwa nguvu, mwanangu."

"Kofia haikuwa ya kupima!"

"Nini hakikupikwa?"

Ng'ambo ya ua, majirani waliokuwa wakipepeta maharage wakainua vichwa. Atukuzwe alikuwa amejiandaa kuungama kwa kunong'ona, macho chini, kama waungamavyo watu wa heshima. Sasa ilimbidi asimame wima, ajaze pumzi kifuani, na kuutangazia mtaa mzima.

"KOFIA ILIKUWA YA KUKUIBIA! NILIIBA USIKIVU WAKO, NIKAUTIA KWENYE MASHINE! HAKUNA MAJIBU! HAYAKUWAHI KUWEPO!"

Nyungo zilikuwa zimetulia. Mzee alimwangalia mdomo, kisha macho, kama anayetafuta injini inagongea wapi. Akashusha mkono wake kwenye gurudumu la cherehani, likasimama.

"Na hiyo mashine," aliuliza hatimaye, "inasikia bado?"

Atukuzwe aliitikia kwa kichwa.

"Kitonga, kona ya tisa. Inapunguza?"

"INAPUNGUZA! WANATAKA KUIKATA!"

"Wajinga!" Mzee alicheka kicheko kikavu. "Pale mwamba unaziba upepo, rejeta ya kupozea injini haipumui. Turbo imekuwa nyekundu kama kaa la moto. Mluzi wake unapanda kidogo tu, ndipo unajua oili inaungua kwenye beringi na kuganda utando. Vipimo vyenu haviuoni, ni utando wa safari moja. Acha injini ipoe kidogo, oili isafishe njia. Ukiikata hiyo, leo itafika, kesho itafika. Baada ya miezi mitatu itakufa, na mtu wako ndani. Injini ukiiongezea nguvu lazima uiachie na pumzi. Nilikufundisha au sikukufundisha?"

"Ulinifundisha," alisema Atukuzwe, na safari hii mzee alielewa bila kusikia.

Atukuzwe alimpigia mkurugenzi simu hapo hapo, mbele ya ua.

"Kona ya tisa isiguswe. Sababu ninayo, na mwenyewe ninaye hapa."

"Mwenyewe nani?"

"Aliyelifundisha Sikio. Anaitwa Chesco Mhongole. Andika, nakutajia herufi. Na lile bango lishushwe." Alijua maneno hayo yangemgharimu kazi, na akaona aibu kwamba bado lilimuuma hilo.

Mzee alimvuta mkono, akamkalisha kwenye kigoda.

"Siku tulipokuja getini," alisema, "juu dirishani kulikuwa na mtu nyuma ya pazia. Mke wangu alisema ni wewe. Mimi nikabisha. Nikamwambia Atu angeshuka. Tuligombana wiki nzima, mpaka akalala kwa dada yake." Akamsogelea. "Alikuwa nani?"

Atukuzwe akajaza kifua, akafungua mdomo ajibu kwa ile sauti kubwa. Mzee akamzuia kwa kiganja, akamwelekeza kwa Mama Fausta, aliyesimama mlangoni amefunga mikono kifuani.

"Usiniambie mimi," alisema. "Mwambie yeye. Yeye anasikia vizuri, huna haja ya kupiga kelele."

Atukuzwe akageuka. Mama Fausta alisubiri. Na sauti ile iliyokuwa imeutikisa mtaa mzima, sasa haikutosha kuvuka baraza.