Tone Ndani ya Ganda

Simu ilitetemeka mfukoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Wendell Oakes alifuta mapovu mikononi, akapokea.

"Kondoo wanashuka leo," sauti ilisema, kwa fumbo lao la kwamba muuaji anakuja.

"Mchungaji ni nani?"

"Strand. Atapitia risasi zake kwa mzee mchana huu. Mwache apande kilimani. Tunamtaka kidole kikiwa kwenye kifyatuo, la sivyo waliomtuma watamkana."

"Na yule mama?"

"Utakuwa nyuma ya Strand."

"Theluji imefunga barabara ya kutoka mjini. Niko peke yangu huku."

"Umeshazoea, Oakes."

Simu ikakatika.

Mbele yake pipa lilizunguka taratibu, likinguruma. Ndani yake mlikuwa na maji, sabuni ya vyombo, unga wa ndimu, vijiti vya chuma vyembamba kama sindano, na maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika. Tangu kiangazi Wendell alikuwa akiyaosha katika gereji ya mzee Arvid Tollefson, huku Montana, kwa jina la bandia la Dale, akiwapelelezea wakubwa wake serikalini. Mzee aliyajaza upya baruti kwa yeyote aliyetaka risasi isiyokosea. Hakujua kwamba mmoja wa wateja wake aliua watu kwa malipo.

Yule mama aliitwa Ilona Varga. Alikuwa mhandisi aliyelikimbia genge la magendo ya makombora, na Jumatatu angesimama mahakamani kulitaja. Aliishi kwenye nyumba ya manjano chini ya kilima. Kila asubuhi Wendell alipopita na gari lake, Ilona alipunga mkono, naye aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama wafanyavyo watu wa huko.

Hawakuwahi kusemezana. Hata hivyo, wiki nzima hakuna mwingine aliyempungia.

Wakubwa walikuwa wanacheza kamari na roho ya mama huyo.

Wendell alilizima pipa. Akayasuuza maganda, akavichuja vile vijiti, akayapanga kwenye mashine ambayo mzee huitumia kukaushia nyama ya paa.

"Dale!" mzee aliita kutoka mezani. "Unayaosha au unayabatiza?"

"Nayabatiza, mzee. Yalikuwa na dhambi nyingi."

"Ungewahangaikia wanawake namna hiyo, ungekuwa na wajukuu!"

Wendell alicheka. Kisha akaizima mashine kabla ya wakati.

Kwa nje maganda yaling'aa kama pete za harusi. Ndani, chini kabisa, matone yalikuwa bado, ya kutosha kuilowesha baruti.

Mzee aliokota la kwanza. Kwa kawaida hulielekeza dirishani akachungulia ndani, jicho moja kalifumba.

"Yamekauka?"

"Yamekauka."

Mkono wa mzee ulianza kupanda kuelekea kwenye mwanga. Ukashuka.

"Ukisema wewe, mwanangu, yatosha."

Afadhali angempiga ngumi.

Mchana, risasi zikiwa tayari, Strand alifika na tabasamu pana na kofia nyekundu.

"Hazitaniangusha, mzee?"

"Risasi yangu haijamwaibisha mtu bado."

Ford nyeusi ya Strand iliondoka. Wendell akaifuata kwa mbali. Chini ya kilima aliacha gari, akapanda kwa miguu, theluji ikimfika magotini.

Alimwona juu kabisa. Strand alikuwa amelala kifudifudi, bunduki ya Remington begani, jicho kwenye darubini. Kule chini, Ilona alikuwa akitupia kuku mahindi.

"Subiri," sauti ilisema kwenye kidude cha mawasiliano sikioni mwa Wendell.

Kidole cha Strand kiliingia kwenye kifyatuo.

"Subiri, Oakes."

Wendell aling'oa kile kidude sikioni, akakitupa. Akakimbia. Alikuwa mbali mno. Na huenda ganda moja lilikuwa limekauka.

Moja lingetosha.

Tik.

Strand alitukana, akavuta komeo la bunduki, akaingiza risasi nyingine.

Wendell aliteleza, akainuka.

Tik.

Ya tatu haikupata nafasi. Bastola ya Wendell, Glock, ilikuwa imeshagusa kisogo cha Strand.

"Mikono juu ya theluji."

"Mzee kaniuzia takataka!"

"Mzee hana kosa," Wendell alisema, akamfunga pingu.

Helikopta ilimchukua. Strand alipoonyeshwa picha yake iliyopigwa kutoka angani, kidole kwenye kifyatuo, alitaja majina kabla hata hajapewa kahawa. Genge likanaswa, wote isipokuwa wachache. Kwa ajili ya hao wachache, amri ilikuwa fupi: mzee asiambiwe kitu. Asiyejua hawindwi.

Wendell alirudi gereji kuchukua koti lake.

Mzee Arvid alikuwa ameketi mezani. Katika kila fungu hubakiza risasi moja ya kujaribia nyuma ya nyumba. Hii haikulia. Alikuwa ameifungua, na baruti ilikuwa kiganjani mwake, imegandamana kama uji uliopoa.

"Ulisema yamekauka."

Ukweli ulimfika Wendell kwenye ulimi. Akaumeza.

"Nilikuwa na haraka, mzee."

"Haraka ya kwenda wapi, Dale? Wewe huna hata mbwa anayekungoja."

Wendell alichukua koti lake kwenye msumari.

"Kwa chakula cha Jumapili hii tulikuwa tumekuwekea sahani," mzee alisema, bila kumtazama. "Nitamwambia mke wangu aiondoe."

Wendell aliitoa aproni yake ukutani, akaikunja vizuri, akaiweka kando ya pipa. Alivaa koti na kutoka.

Barabara ilikuwa nyeupe na tupu. Kwenye nyumba ya manjano, mwanamke mwenye ndoo ya mahindi alisikia gari, akageuka, akapunga mkono.

Wendell aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani.

Hakupunguza mwendo.