Mpira wa Gesi Uliobabuka

Kila alasiri ya Ramadhani, Tahiya akitoka skuli Mpendae husali, kisha humenya muhogo wa futari. Siku hiyo saumu ilikuwa imembana na macho yamekuwa mazito. Alifungua gesi, ndipo akaanza kutafuta kiberiti. Alipokipata na kukiwasha, moto ulilipuka bwa! Aliufunga mtungi mbio. Mpira wa kupitisha gesi kutoka mtungini ulikuwa umebabuka. Aliugeuza, pale peusi pakatazama ukutani, akajikausha kama hakuna kitu.

Mama yake, Bi Mwanakhamis, fundi wa injini za ndege uwanjani, alirudi hoi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nshachoka, mwanangu. Leo abiria wametutukana mpaka tumeshiba."

"Kwani mmefanya nini?"

"Tulikuwa tukiijaribu injini. Ile haiwaki ikiwa imesimama. Kwanza huzungushwa kwa upepo wa nguvu. Ikishika kasi, ndipo inapotiwa mafuta na cheche. Mimi nikaharakisha, nikatia mafuta kasi haijatimia. Joto likapanda kupita kiasi. Nikaizima, nikasema nimekosea. Safari ikazuiwa mpaka ikaguliwe."

"Si ungenyamaza tu! Nani ameona?"

"Nje haikuonesha kitu. Lakini mapanga yanayozunguka ndani yakiungua, huweza kukatika watu wakiwa angani."

Bi Mwanakhamis alijikokota hadi jikoni. "Hebu nipe kiberiti, adhana imekaribia."

Tahiya alikishika kiberiti asikitoe. Angesema, mama aliyechoka vile angemkasirikia, na futari isingeiva. Mkono wa mama ukagusa koki ya mtungi.

"Mama, usiwashe!"

Alieleza yote huku akilia. Bi Mwanakhamis aliukunja mpira, ukapasuka mkononi mwake. Akakaa chini palepale, hana hata nguvu ya kugomba. Muhogo ukabaki mbichi. Adhana ilipoadhiniwa walifungua kwa tende na maji, mpaka jirani yao Bi Thuwaiba alipoleta bakuli la tambi, kama afanyavyo kila siku.

Mama alimsogezea Tahiya bakuli.

"Nimekasirika, sikufichi. Kesho tutanunua mpira mpya, na utajifunza: kiberiti mkononi kwanza, gesi baadaye. Kukosea tumekosea sote leo, mimi na wewe. Lakini ukikosea, mwanangu, sema kabla mwenzio hajawasha."